Simba Alipokataa Kushikwa Mguu

Wengi wetu hapa Jozi tumepanga vyumba vya uani, na uani kuna mbwa. Hilo hakuna anayekuambia unapoandika barua ya kuomba chuo.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu mbwa akikusogelea unainama kama unaokota jiwe, naye anatimua mbio, mambo yanaishia hapo. Na tuliopita madrasa tunajua habari ya mate yake: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa nilipopata chumba Brixton, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Gogo (ni bibi kwa Kizulu, si Mgogo wa Dodoma, nilichekwa sana nilipouliza), nikamkuta na mbwa mkubwa wa kahawia anayeitwa Simba. Mimi ni Yanga damu. Lakini kodi ilikuwa nafuu, nikanyamaza.

Tukazoeana. Huku mvua hunyesha miezi ya joto, Oktoba mpaka Machi hivi, na uani kunakuwa tope tupu. Kazi yangu ikawa kumpangusa Simba miguu kabla hajaingia jikoni. Alikuwa ananipa mguu mmoja mmoja, kama mzee anayepimwa viatu. Halafu jioni moja ya Machi mwaka jana, Gogo yuko msibani Limpopo, nimeshika mguu wa mbele wa kulia, akanguruma, akageuka, na meno yakapita juu ya kiganja changu. Damu haikutoka, ila mstari mwekundu ulibaki.

Jamani, nilichofikiria ni kimoja tu: kichaa cha mbwa. Si hofu ya kijinga. Mwaka 2010 ugonjwa huo ulilipuka hapa hapa Johannesburg, upande wa kusini, na dalili moja inayojulikana ni mbwa mpole kubadilika ghafla. Mpangaji mwenzangu akasema mbwa akishageuka hafai tena, waitwe watu waje kumchukua akamalizwe. Nami kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka, nilikaribia kukubali.

Nikampigia jamaa yetu mmoja Mkenya, anasoma udaktari wa wanyama Onderstepoort, kile kitivo cha Chuo Kikuu cha Pretoria kilichoanza mwaka 1920. Kabla sijamaliza kueleza akanikata: "Wewe, kwanza enda uoshe hiyo mkono. Sabuni na maji ya bomba, dakika kumi na tano. Halafu kesho asubuhi uende kliniki, hata kama unaona ni kitu kidogo." Nilikwenda, nikachomwa sindano ya kwanza na kupangiwa nyingine. Muuguzi alinieleza kwamba kwa ugonjwa huu hawangoji dalili, maana dalili zikishatokea dawa hakuna.

Mkono ulipokuwa umeoshwa, yule Mkenya akaanza maswali yake. Anakula? Anakunywa maji? Anakutambua? Amechanjwa? (Kadi ya chanjo nilielekezwa na Gogo kwa simu, kwenye droo ya vijiko, hapa Afrika Kusini kumchanja mbwa ni sheria.) Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: anakataa kushikwa mwili mzima, au miguu tu? Miguu yote, au mmoja?

Nikamwangalia Simba kwa mbali. Alikuwa amelala anaramba mguu ule ule wa kulia, haachi.

"Basi huyo ako na uchungu," akasema. "Usimshike. Mfungie, umpe maji, umpeleke kwa daktari."

Gogo akarudi, tukampeleka. Daktari alimfunga mdomo kwa bendeji, akamchoma dawa ya usingizi, maana kwa kidonda cha hapo hata mbwa mtakatifu angeuma. Katikati ya vidole viwili palikuwa na uvimbe mdogo wenye tundu linalotoa usaha. Akaingiza koleo jembamba na kuvuta kitu kirefu kidogo kuliko punje ya mchele. Mbegu ya majani!

Hapa ndipo nilipojifunza jambo. Majani marefu ya nyanda hizi za juu yakikomaa hutoa mbegu zenye ncha kali mbele na vinyweleo vilivyolala kuelekea nyuma. Ukiisukuma inakwenda, ukiivuta inagoma, kama ndoana. Mbwa akipita kwenye majani, mbegu inanasa kwenye manyoya kati ya vidole, na kila hatua anayokanyaga inaisukuma ndani zaidi. Inatoboa ngozi, kisha inasafiri. Ikiachwa inaweza kupanda mguu, na picha ya eksirei kwa kawaida haiioneshi. Kwa nje unaona kanundu tu, au huoni kitu kabisa. Simba hakugeuka ghafla; mimi ndiye niliyeshika ghafla palipokuwa pakiuma siku kadhaa.

Si mbegu tu. Kuna mbigili, ile ile ya kwetu inayotoboa kandambili. Waafrikana wanaiita duwweltjie. Kuna ukucha uliopasuka mpaka kwenye nyama, au uliowahi kukatwa vibaya, na mbwa hasahau. Kuna lami ya mchana wa jua: weka mgongo wa mkono wako chini, ukishindwa kuvumilia, naye anaungua. Kupe hupenda kujificha kati ya vidole, na huku wengine wanaleta homa inayoua mbwa haraka. Mbwa mzee huenda nyayo zake ni nzima, ila ukiuinua mguu kiungo cha juu ndicho kinacholia. Yule Mkenya alisema kwao angeanza na funza. Mdudu huyo naye ni mgeni: aliingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, akafika pwani yetu kabla karne ile haijaisha.

Kidonda kilipona kwa wiki mbili hivi. Woga haukupona. Nikikaribia na taulo tu, Simba anakunja mguu. Daktari alikataza kumlazimisha au kumkaripia, maana mbwa akizuiwa kunguruma siku nyingine atauma bila kunguruma. Basi kila jioni nilikuwa namgusa bega, nampa kipande cha kuku, naacha. Kesho yake kiwiko, kuku, naacha. Akivuta mguu narudi nilikotoka. Ilichukua karibu mwezi kufika kwenye kucha, na Gogo akalalamika kuku wake wanaisha kwa mbwa wakati mpangaji anakula maharage.

Sasa mguu wa kushoto ananipa mwenyewe. Wa kulia anaangalia kwanza taulo, kisha mimi, kisha jikoni kama kuna kuku. Tukitoka kutembea namkagua vidole kwa tochi kabla hajaingia, na juzi, baada ya kukosa kitu kwake, nikaikuta mbegu ya aina ile ile imejichomeka kwenye soksi yangu.