Tairi Limepata Pancha: Ulizibe au Ununue Jingine? Angalia Haya Kwanza

Ukipata pancha njiani, swali la kwanza linalokuja kichwani ni "fundi yuko wapi?" Lakini mara nyingi kinachoamua kama tairi litapona au ndiyo basi tena ni kile ulichofanya kabla hujamfikia huyo fundi. Tairi lililochomwa na msumari mdogo linazibika kwa hela kidogo tu. Tairi hilo hilo ukiliburuza bila upepo kilomita mbili tatu ukitafuta fundi, limekufa, hata kama tundu lenyewe hulioni.

Kwa nini? Matairi mengi ya magari madogo siku hizi hayana tyubu, na kinachobeba uzito wa gari ni upepo. Upepo ukiisha, ubavu wa tairi unajikunja na kusagwa kati ya rimu na lami. Mpira unapata moto, nyuzi za ndani zinaanza kuachana. Kwa nje unaweza usione chochote zaidi ya mstari wa mkwaruzo. Ndani sasa, ndiko unakuta vumbi jeusi na chenga za mpira. Tairi la namna hiyo likizibwa na kujazwa upepo linaonekana zima kabisa, kisha siku moja unatoka Chalinze kwenda Morogoro, jua kali, gari limejaa, linapasuka.

Kwa hiyo ukisikia usukani unavuta upande mmoja, au gari linayumba kwa nyuma, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, toka barabarani kwenye eneo tambarare. Kama uko kwenye kona au darajani, sogea mbele hadi pahali salama. Hapo usilionee huruma tairi, uhai kwanza.

Washa taa za tahadhari na uweke pembetatu nyuma ya gari, mbali kidogo, siyo hatua tatu kutoka kwenye bampa. (Matawi ya miti tunayomwaga barabarani yanasaidia mchana, usiku hayaonekani mpaka mtu ameshafika.) Abiria wote washuke na wakae mbali na barabara. Vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye tairi la upande wa pili, halafu legeza nati kidogo wakati gari bado liko chini. Wengi wanapandisha jeki kwanza, wakianza kuvuta spana tairi linazunguka na gari linacheza juu ya jeki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wakati wa kurudisha, kaza nati kwa kuvuka, ukitoka ya huku nenda ya upande wa pili, na baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi simama uzikaze tena.

Kama spea yako ni ile nyembamba, soma maandishi yaliyo juu yake. Nyingi zimeandikwa mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na ni za kukufikisha kwa fundi tu, siyo za kukupeleka Mwanza. Magari mengine hayana spea kabisa, yana kichupa cha dawa ya kuziba na pampu ndogo. Ukiitumia hiyo dawa, mwambie fundi kabla hajafungua tairi, isije ikammwagikia. Na ukikuta msumari umechoma lakini upepo bado upo, usiung'oe. Nenda nao taratibu hivyo hivyo.

Ukifika kwa fundi, omba alitoe tairi kwenye rimu na mtazame ndani pamoja. Ile kamba ya mpira inayosukumwa kutokea nje inachukua dakika tano na inakufikisha nyumbani, lakini aliyeiweka hajaona ndani kukoje. Kiraka kinachobandikwa kwa ndani, na tundu lenyewe likajazwa, ndiyo kazi ya kudumu.

Tundu likiwa katikati ya uso unaokanyaga barabara, na upana wake hauzidi milimita 6, yaani chini kidogo ya unene wa penseli, ziba uendelee na safari zako. Likiwa ubavuni au kwenye bega la tairi, usizibe. Sehemu hiyo inajikunja kila gurudumu linapozunguka na kiraka hakikai. Hapa ndipo utaambiwa, "bosi, tunashona" au "tunatia tyubu." Tyubu inazuia upepo usitoke, ila nyuzi zilizokatika haiziungi. Uvimbe ubavuni nao ni hivyo hivyo, tairi limekwisha.

Kabla ya kulipia kiraka, angalia pia kashata. Katikati ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, na kashata zikiisha hadi kulingana navyo zimebaki milimita 1.6, hapo unazibia tairi la kutupa. Angalia na umri. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishapita miaka mitano, fundi alikague kila mwaka, na likifika kumi litoke hata kama kashata zinang'aa.

Tarakimu hizo ndizo pia za kutazama ukienda kununua tairi za mtumba, kwa sababu tairi linaweza kupakwa rangi nyeusi likapendeza na umri wake ni miaka tisa. Ukiona limeandikwa STUDLESS, hilo ni la barafu ya Japani. Mpira wake ni laini, kwenye joto letu linaisha haraka na breki haishiki vizuri.

Ukilazimika kununua, mfuko ukiruhusu nunua mawili yakae ekseli moja. Mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele, maana mvua ikinyesha nyuma ndiko gari linakoteleza na kugeuka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Kwa magari yanayovuta magurudumu yote manne ni ghali zaidi. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika linaweza kuharibu difu, kwa hiyo muulize fundi anayelijua gari lako.

Tairi likisharudi, jaza upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, siyo kwa macho. Kesho yake asubuhi, kabla gari halijatembea, pima tena. Kama umepungua, rudi kwa fundi apake maji ya sabuni kwenye kiraka, kwenye nozeli na kuzunguka rimu. Pale yanapotoa mapovu ndipo upepo unapotokea.