Dawa iko mtoni, na mathenge pia iko mtoni

Pita sokoni Lodwar asubuhi utaona vijiti vimefungwa mafungu mafungu. Hiyo ni esekon, mti wa mswaki. Kilomita kama 120 kutoka hapo, kambini Kakuma, Msomali anatafuna kijiti cha mti huo huo, na jirani yake Mturkana vilevile. Hata Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1986, kwa hivyo usidhani ni mambo ya kizamani ya shosho.

Lakini ushawahi kujiuliza huo mti unaota wapi?

Turkana ni kavu, na miti mingi ya maana imejipanga kando ya mito: Turkwel na Kawalase pale Lodwar, Tarach pale Kakuma. Tarach yenyewe mara nyingi ni mchanga mtupu, maji yamejificha chini. Shida ni kwamba sisi binadamu pia tunapenda hapo hapo. Mji, kisima, zizi la mbuzi, kambi, vyote vinasongea mto.

Kakuma ilikuwa kituo kidogo hadi 1992, wakimbizi kutoka Sudan walipowasili. Leo kambi na makazi ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000. Hesabu sufuria zinazowekwa motoni kila siku. Wengi hukimbilia kuwalaumu wakimbizi, na mimi naona hapo tunakosea. Anayekata na kuchoma makaa mara nyingi ni mwenyeji, na ana sababu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mbuzi wakiisha, unauza nini? Unauza mti.

Halafu kuna mathenge, ambayo Waturkana huiita etirae. Ililetwa Kenya miaka ya 1970, na miaka ya 1980 ikapandwa maeneo kame ili kuzuia jangwa. Nia ilikuwa njema. Mbuzi wakala maganda yake matamu, wakaenda wakitawanya mbegu na mavi yao, na sasa kingo za Turkwel zina vichaka ambavyo huwezi kupenya bila kuchanika nguo. Kule Baringo wananchi walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kama ushahidi dhidi ya mti huu! Serikali ikautangaza kuwa magugu hatari mwaka 2008, lakini ulikuwa ushafika. Unapofunga kichaka hivyo, miche ya esekon na ya ewoi (mgunga) haipati mwanga wala nafasi.

Mto wenyewe pia umebadilika. Tangu bwawa la Turkwel lijengwe kule juu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mafuriko yaliyokuwa yakilowesha kingo na kuleta udongo mpya yamepungua. Miti mikubwa bado imesimama, lakini mti mzee unaweza kuvumilia pale ambapo mche hauwezi.

Si kila dawa iko mtoni. Echuchuka, yaani shubiri ya huko, huota kwenye tambarare na mawe, na eusugu, ambayo Waswahili huiita mjafari na mbegu zake huchemshwa kwa kikohozi, hupenda milima. Huko swali ni unachukua nini. Ukichuma majani au mbegu, mti unabaki. Ukibandua gome lote kuuzunguka, umeua. Ukichimba mizizi, vivyo hivyo.

Na wazee walikuwa na utaratibu. Unaitwa ekwar: familia ina haki juu ya miti ya kipande fulani cha ukingo wa mto, hasa wakati wa kiangazi. Huwezi kufika tu na panga. Ukikata bila ruhusa, unaitwa mbele ya wazee. Haki hiyo hurithiwa, na mwenyewe akipaacha muda mrefu inaweza kupotea. Ukiniuliza, ekwar imelinda miti kuliko mabango mengi ya "usikate mti". Lakini mjini nani anajua mti ni wa nani? Mnunuzi wa gunia haulizi, na muuzaji hasemi.

Kuna kitu kimoja kinachonipa moyo: makaa ya mathenge yanawaka vizuri sana. Kila gunia la mathenge ni ewoi moja iliyopona, mradi kisiki kinang'olewa, maana ukikiacha kinachipua tena kwa hasira.

Siku ya kupanda miti, Novemba 13, 2023, nchi nzima ilipumzika kazi ili tupande. Angalia kivuli cha shule au ofisi nyingi Lodwar: ni mwarobaini, mti mzuri lakini mgeni. Mwakani, kama unasimamia klabu ya mazingira, uliza kama kuna miche ya esekon. Matunda yake yanaliwa, na mbegu ziko ndani.