Ng'ombe Asiyeonekana Ukumbini

Mgeni akialikwa kwenye posa hapa Kigali hakosi kuuliza: ng'ombe yuko wapi? Ameona washenga wa pande mbili wakitupiana maneno kwa saa nzima, amesikia mahari ikikubaliwa, kisha akaingia mtu mwenye kofia na fimbo, akaanza kuwasifu ng'ombe ambao hakuna hata mmoja aliyefika ukumbini. Mgeni mmoja atamnong'oneza jirani yake kwamba hapa mwanamke anauzwa. Mwingine atatoa simu arekodi "ngoma ya kienyeji". Wote wamekosea, na huyu wa pili ndiye anayeniudhi zaidi, kwa sababu siku hizi nusu ya wenyeji wamekuwa kama yeye.

Gusaba, yaani posa yenyewe, ni mashindano ya ulimi. Familia mbili hukaa zikitazamana, wanawake wamejifunga mavazi ya mishanana, wazee wako mbele. Mshenga wa upande wa kijana hasemi alichojia. Anasalimu, anasifu boma, anafukua undugu wa zamani ambao pengine haukuwahi kuwapo. Mwenyeji naye hujifanya hajui kitu. Binti gani mnayemtaka? Yule mkubwa amekwisha kuposwa, na huyu mdogo bado anasoma. Mshenga akiteleza neno moja, anatozwa faini ya kreti ya vinywaji na ukumbi mzima unaangua kicheko. Mwisho wake kila mtu anaujua, maana kadi za harusi zimeshachapwa. Lakini binti wa watu hatolewi kwa "ndiyo" ya haraka. Sharti familia yake ionekane ikimng'ang'ania. Anayetaka kuuza kitu hajisumbui hivyo.

Ndipo anapoingia mchungaji. Anasema ng'ombe wamefika salama, anaeleza walivyovuka bonde na mto, nani ana ndama, nani amekamwa asubuhi. Halafu anapandisha sauti na kuanza amazina y'inka, mashairi ya sifa ya ng'ombe. Pumzi moja hubeba maneno mengi kuliko unavyodhani kifua cha mtu kinaweza, na wasikilizaji huitikia penye mapumziko. Ukisikiliza vizuri utashangaa: anayesifiwa haonekani kuwa mnyama wa maziwa. Ni shujaa. Pembe zake ni silaha, anawatangulia wenzake vitani, adui wanamkimbia.

Kwa nini ng'ombe asifiwe kama askari? Aliyelieleza jambo hili kwa kalamu kuliko wote ni padri Mkatoliki. Alexis Kagame (asichanganywe na Rais Paul Kagame) alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, kaskazini ya Kigali, katika ukoo uliohesabiwa miongoni mwa watunza kumbukumbu wa jumba la mwami, yaani mfalme. Alisoma seminari ya Nyakibanda, akapewa upadri mwaka 1941. Wapo wanaoamini kwamba kanzu ya padri na mila za Rwanda haviketi mkeka mmoja. Basi huyu, akiwa na kanzu yake, alikwenda kuketi na wazee wa mwami Mutara III Rudahigwa, akaandika waliyoyahifadhi kichwani: mashairi ya ufalme, majigambo ya vita, sifa za ng'ombe. Mwaka 1961 alichapisha kitabu kizima juu ya historia ya majeshi ya ng'ombe, na miaka miwili baadaye kingine juu ya majeshi ya watu. Ukivisoma pamoja unaelewa. Katika ufalme wa zamani makundi ya inyambo, ng'ombe wa pembe ndefu, yalipewa majina na kuambatanishwa na vikosi. Kundi lilikuwa na historia yake na washairi wake, kama kikosi. Mchungaji wa ukumbini anaposema vita, hajapotea njia.

Na mzaha aliujua. Mwaka 1949 alitoa *Indyohesha-birayi*, shairi la kuchekesha linalosifu nyama ya nguruwe, kitoweo cha viazi. Katika nchi iliyomtukuza ng'ombe namna ile, huo ulikuwa utundu wa mtu anayejiamini.

Utundu wa aina nyingine ulimponza. Alikuwa amehariri gazeti la Kinyamateka, na mwaka 1952 akachapisha kitabu juu ya sheria za utawala wa kale. Wakoloni wa Kibelgiji, waliokuwa wakitaka kuuvunja mfumo huo, wakakiona ni utetezi wa mwami, wakamshinikiza askofu wake, padri akapelekwa Roma. Alirudi na shahada ya udaktari ya falsafa, akafundisha seminarini, kisha Chuo Kikuu cha Taifa kilichofunguliwa Butare mwaka 1963, hadi alipofariki Nairobi mwaka 1981. Wanahistoria wengine, Jan Vansina miongoni mwao, walimkosoa kwa tarehe zake za wafalme na kwa kuitazama nchi kutoka dirisha la ikulu. Wana haki. Wakulima wengi walitoa jembe kama mahari, wala hakuna aliyewasifia hilo jembe kwa vita.

Kuhusu Umuganura, sikukuu ya mavuno, siandiki kitu. Ina Ijumaa yake ya kwanza ya Agosti na hotuba za kutosha. Kubandwa kwa Ryangombe, ibada ya kale iliyopigwa vita na wamisionari, sikulilii. Ninalililia hili shairi la posa, kwa sababu linakufa huku likipigiwa makofi.

Mchungaji wa leo ni wa kukodi. Anapigiwa simu, anataja bei, anakuja na sifa zile zile alizosema Jumamosi iliyopita Kimironko na Jumapili Remera. Bado hajamaliza ng'ombe wa pili, mshereheshaji anamwonyesha saa, maana chakula kinapoa na ukumbi una wateja wengine jioni. Huko Nyanza, kwenye jumba la makumbusho la wafalme, bado wapo wachungaji wanaowaimbia inyambo waliovishwa shanga kwenye paji la uso. Ng'ombe wanatulia na kusikiliza kuliko wageni wetu wa Kigali.

Nao vijana nitawalaumuje? Vitabu vikubwa vya padri viko kwa Kifaransa, na mwaka 2008 serikali iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza. Bwana harusi wa leo hawezi kumsoma Kagame bila kamusi. Alichokusanya kwa Kinyarwanda angekisoma, lau kingewekwa mezani mwa darasa badala ya rafu ya watafiti. Mwalimu anayemfundisha mtoto wa Nyamirambo kukariri shairi la Kiingereza ana nafasi ya kumfundisha pia beti kumi za inyambo, na maana ya kila pembe inayotajwa humo. Mtoto huyo akikua, mchungaji wa kukodi hataweza kumdanganya kwa sifa za dakika tano. Atamwambia arudie, na safari hii asiruke mistari.