Chikungunya: Kinga Ilindayo na Kuumiza

Mwaka 1952 na 1953, Masasi na Newala zilikumbwa na homa yenye maumivu makali ya viungo. Daktari Marion Robinson wa Lulindi alizieleza dalili zake kitaalamu mwaka 1955. Jina chikungunya, la Kimakonde, humtaja mgonjwa alivyojikunja kwa maumivu.

Kwa nini homa huisha kwa siku chache, ilhali viungo vyaweza kuuma kwa miezi? Panya wa maabara wametoa mwanga. Waliokosa jeni ya kipokezi cha interferoni, kemikali iamshayo kinga mapema, hufa kwa virusi hivyo, ilhali panya wazima wa kawaida hupona. Waliokosa jeni inayohitajika kuunda limfosaiti hushindwa kuvimaliza virusi mwilini. Hata hivyo, wasio na limfosaiti za CD4 huvimba miguu kidogo kuliko wenzao. Kumbe kinga ileile ifukuzayo virusi huweza kuumiza kiungo. Panya wazee nao huugua zaidi kuliko vijana.

Basi maumivu yanayobaki si uzushi wa mgonjwa. Mwenye homa apimwe malaria. Atumie parasetamoli, aepuke aspirini hadi ithibitike kuwa hana dengi. Mzee aendelee kufuatiliwa hata homa ikiisha.