Taa ya O/D OFF Ikiwaka na Kuzima, Usikimbilie Kununua Giaboksi

Magari mengi madogo yanayobeba abiria kati ya Shinyanga, Kahama, Kakola, Katoro na Geita ni Toyota za otomatiki zilizoletwa zikiwa zimeshatumika Japani: Noah, IST, Probox, Ipsum. Gari la namna hii likianza kushtuka wakati wa kubadili gia, au likibaki kwenye gia moja tu, neno la kwanza unalolisikia gereji ni "giaboksi imekufa". Mwenye gari anauza ng'ombe au mpunga, ananunua giaboksi ya mtumba, inafungwa, na tatizo linarudi lile lile.

Wasikilizaji wetu wengi huuliza kama kuna namna ya kujua ukweli kabla ya kutoa fedha. Ipo. Inaanza kwa kusoma namba ambazo gari lenyewe limehifadhi.

Namba hizo zinatoka wapi?

Katika magari mengi ya kuanzia miaka ya 1990, giaboksi ya otomatiki inaongozwa na kompyuta. Sensa zinaipa kompyuta habari za mwendo. Kompyuta nayo inapeleka umeme kwenye solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zilizo ndani ya giaboksi, ambazo hufungua na kufunga njia za oili ili gia zibadilike.

Umeme usipopita inavyotakiwa, kompyuta inaandika namba ya hitilafu. Mafundi huiita kodi, lakini hii si ile ya TRA. Kisha inawasha taa ya injini, au taa ya O/D OFF inaanza kuwaka na kuzima. Mara nyingine inaliacha gari kwenye gia ya juu ili kuilinda giaboksi, na ndiyo maana gari linakuwa zito kuondoka.

Angalia vizuri: taa ya O/D OFF ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, huenda umebonyeza tu kitufe kilicho kwenye mkono wa gia. Kibonyeze tena. Inayotia wasiwasi ni ile inayowaka na kuzima yenyewe.

Namba zinasomwaje?

Toyota nyingi za zamani husomwa bila mashine. Fundi umeme anaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa waya mfupi kwenye kisanduku kilicho ndani ya boneti, halafu anafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya O/D OFF inaanza kuhesabu. Ikiwaka mara 6, ikatulia kidogo, ikawaka mara 2, namba ni 62. Ikiwaka haraka haraka bila kutulia, hakuna namba iliyohifadhiwa. Kazi hii mwachie fundi anayeijua, kwa sababu kuunganisha matundu yasiyohusika kunaweza kuharibu kompyuta.

Magari yaliyofuata yana plagi ya matundu 16 chini ya usukani, na husomwa kwa mashine. Namba zake huanza na herufi P.

Baadhi ya namba za Toyota za zamani:

42: sensa ya kwanza ya mwendo
61: sensa ya pili ya mwendo
62: solenoidi ya kwanza
63: solenoidi ya pili

Kwenye magari yanayosomwa kwa mashine:

P0500: sensa ya mwendo wa gari
P0710: sensa ya joto la oili ya giaboksi
P0750: solenoidi ya gia, ya kwanza
P0755: solenoidi ya gia, ya pili
P0700: kuna tatizo upande wa giaboksi, tafuta namba nyingine inayolieleza

Namba si hukumu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Namba 62 haisemi "nunua solenoidi", wala "nunua giaboksi". Inasema umeme wa solenoidi hiyo hauko sawa. Kosa linaweza kuwa kwenye solenoidi, au kwenye waya uliotafunwa na panya, au kwenye plagi iliyoingia matope na kushika kutu. Kwenye barabara zetu za vumbi na madimbwi, plagi zilizo chini ya gari hupata taabu sana.

Kwa hiyo namba nyingi ni kazi ya fundi umeme kabla ya kuwa kazi ya fundi giaboksi. Aanze na betri na waya za ardhi, asafishe plagi, afuatilie waya, kisha apime solenoidi kwa mita. Kwa Toyota nyingi za zamani, solenoidi nzima ya kubadili gia husoma kama omu 11 hadi 15. Kubadili solenoidi au kuunga waya ni gharama ndogo mno kuliko giaboksi nzima.

Pima oili pia

Gari likiwa limepata moto, liegeshe sehemu tambarare, vuta handibreki na ukanyage breki. Injini ikiwa inanguruma, pitisha mkono wa gia kwenye gia zote, rudisha P, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Hivi ndivyo Toyota nyingi zenye kijiti zinavyopimwa.

Oili nzuri ni nyekundu na inaangaza. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zinaisha. Ikiwa kama maziwa ya rangi ya waridi, maji yameingia, mara nyingi kupitia rejeta. Hapo usiendelee na safari.

Kumbuka pia kwamba kukosa namba si cheti cha uzima. Kompyuta za zamani huona umeme kuliko klachi zilizolika. Gari likiteleza, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, na hakuna namba, tatizo huenda liko ndani kweli.

Ukifika gereji

Usikubali betri ichomolewe wala namba zifutwe kabla hazijasomwa na kuandikwa kwenye karatasi. Kuzifuta kunazima taa, hakutengenezi gari. Uliza: "Fundi, imetoka namba gani? Umepima waya na plagi? Oili ikoje?" Fundi mzuri hatachukia maswali hayo.

Na kama gari limegoma porini, usilivute kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Oili haizunguki ndani ya giaboksi wakati injini imezimwa, na iliyokuwa na tatizo la waya inaweza kufika Geita ikiwa imekufa kweli.