Uhandisi wa Usafirishaji: Kazi Inayoonekana Barabarani Karatu

Uhandisi wa usafirishaji ni taaluma ya kusanifu, kujenga na kutunza njia wanazopita watu na mizigo: barabara, madaraja, reli na viwanja vya ndege. Wilayani Karatu kazi hiyo huonekana kila siku. Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupanda ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, hukatiza mji wa Karatu na kukoma kwenye lango la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro. Kutoka hapo ni changarawe na vumbi hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambayo sakafu yake iko takriban mita 600 chini.

Mlimani, barabara huzungushwa kwa kona ili lori lenye shehena lisishindwe na mwinuko. Kwenye kona, upande wa nje huinuliwa kidogo ili gari lisiserereke. Vipimo hivyo hupatikana kwa trigonometria na fizikia, masomo yanayoanzia sekondari.

Adui mkubwa ni maji. Yakituama kando ya tuta la barabara hupenya chini na kulainisha udongo. Magari yakipita, lami hupasuka na shimo huzaliwa. Kwa hiyo mitaro na makalavati husanifiwa kwa kukadiria mvua kubwa inayoweza kunyesha. Kwenye changarawe, matairi hutimua chembe laini zinazoshikanisha kokoto, barabara ikaota migongo, na greda hulazimika kurudi tena na tena. Ndani ya hifadhi, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1979, wanyama wanaovuka na mahali pa kuchimba kifusi nao huingia kwenye mpango.

Kuingia katika taaluma hii kuna njia zaidi ya moja. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi anaweza kusomea stashahada katika Chuo cha Ufundi Arusha na kuwa fundi sanifu. Anayepitia kidato cha sita huchukua mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PGM (fizikia, jiografia na hisabati), kisha husomea shahada. Mhitimu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kufanya kazi chini ya wazoefu kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi mtaalamu.

Kuhusu waajiri, TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, husimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa 2017, husimamia za wilaya, ambazo mkulima wa vitunguu wa Mang'ola huzitegemea kufika sokoni. Wakandarasi, kampuni za ushauri na Shirika la Reli nao huajiri wahandisi.