Mpime Mtoto Bila Sweta

Mama zangu na baba zangu wa Busale, mnaijua mizani ya kakao. Kakao ikiwa na maji, kilo zinaongezeka. Lakini kakao ni ile ile. Mtoto naye ni hivyo hivyo.

Tuseme mwezi uliopita mtoto alipimwa bila nguo. Alikuwa na kilo 8.2. Leo kuna mvua, amepimwa na sweta na viatu. Mizani inaonyesha kilo 8.4. Mama anafurahi. Kumbe nguo zile zina nusu kilo! Mtoto amepungua, lakini kadi inasema ameongezeka. Ugonjwa unajificha hapo.

Kwa hiyo mvue nguo kila mwezi. Utazame pia mshale wa mizani. Kabla ya kupima uwe kwenye sifuri. Usipokuwa hapo, tuambie. Huo si utovu wa adabu.

Urefu nao una utaratibu wake. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala. Aliyetimiza miaka 2 hupimwa amesimama. Aliyelala huonekana mrefu zaidi, kama sentimeta 0.7. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinafuata utaratibu huo, wavulana mbali na wasichana mbali.

Umri ndio unaotusumbua zaidi. Kusema "alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga" hakutoshi. Tunahesabu miezi iliyotimia. Aliyezaliwa tarehe 20 Machi, ikifika tarehe 10 Agosti ana miezi 4, si 5. Ukimwandika 5, ataonekana amedhoofika kumbe ni mzima. Basi bibi akimleta mtoto kliniki, mpeni na kadi.